Kamba ya Juti, Ndugu wa Mlenda

Mlenda tunaouchuma majani na kuupika kwa karanga una aina iliyo mmea uleule unaotoa nyuzi za juti. Wakulima wa Bangladesh na mashariki ya India huuacha urefuke kupita kimo cha mtu, huyakata mashina na kuyaloweka majini mpaka ganda liachane na mti, kisha huchambua nyuzi ndefu za rangi ya dhahabu. Humo hutoka magunia. Humo pia hutoka kamba inayopendwa na wafungaji wa kinbaku, ufundi wa Kijapani wa kumfunga mtu mzima aliyeridhia mwenyewe.

Juti inasingiziwa sana. Mtu akiviona vinyweleo vyake huamini itaumiza, akaenda kutafuta mtandio wa hariri au soksi ndefu za nailoni kwa kuwa ni laini. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mchubuko wa ngozi hupona upesi. Kinachomwacha mtu na jeraha la kweli ni fundo lililogoma kufunguka, na mgandamizo uliokaa mahali pamoja kwa muda.

Hariri ikivutwa hujikunja ikawa ugwe mwembamba, na nguvu yote hukusanyika kwenye mstari huo mmoja. Fundo lake huteleza, hujikaza, kisha kucha haziliwezi tena. Nailoni nayo hunyumbuka: ukiifunga ikiwa imevutwa, hurudi nyuma na kuendelea kubana hata baada ya mikono yako kuiacha. Tena ikipitishwa kwa kasi juu ya ngozi, huiunguza kwa msuguano.

Juti haifanyi hivyo. Nyuzi zake zimeundwa na chembe fupi za milimita chache zilizogandana, na vinyweleo vya kamba iliyosokotwa hushikana vyenyewe. Kwa sababu hiyo fundo dogo hutulia bila kukazwa kwa nguvu, na hufunguka ukilitaka. Kurefuka hairefuki kwa kiasi cha kuonekana, basi nafasi uliyoiacha wakati wa kufunga ndiyo itakayobaki. Kamba ya milimita 6 ikikunjwa mara mbili na kuzungushwa mara mbili hulala kama utepe wa milimita 24, na mgandamizo hutawanyika. Adui yake ni maji: nyuzi zikilowa huvimba, na fundo hushika kabisa. Ifungwe ikiwa kavu.

Ufundi huu una mizizi katika hojojutsu, namna samurai na askari wa enzi ya Edo (1603–1868) walivyowafunga mahabusu. Mchoraji Ito Seiu (1882–1961) ndiye anayehesabiwa baba wa kinbaku ya leo. Mahabusu hakuulizwa kama ameridhia. Anayefungwa leo lazima aulizwe kwanza, na akibadili nia katikati afunguliwe saa hiyohiyo.

Hata kamba bora haitamwokoa mtu aliyefungwa pasipofaa. Kati ya bega na kiwiko, upande wa nje, mshipa wa fahamu uitwao radiali huuzunguka mfupa ukiwa karibu nao sana. Kamba ikiulalia, kiganja hushindwa kunyanyuka na mkono huning'inia kutoka kifundoni. Kupona huchukua wiki, pengine miezi. Maumivu si lazima yatangulie. Kwa hiyo aliyefungwa aulizwe kila mara anyanyue kiganja na kutanua vidole. Akishindwa, au akisema ganzi imeanza, hakuna kumwambia avumilie: kamba ifunguliwe au ikatwe.

Vifaa vingine kwa haraka: pingu za kuchezea nyingi hazina kizuizi cha pili, hivyo huzidi kukaza mkono ukisukumwa; vifungo vya plastiki vya mafundi umeme havirudi nyuma, visitumike; vikuku vipana vya ngozi vyenye bizimu vinamfaa anayeanza; katani ya Tanga ni kamba bora ya mizigo lakini ni kali kwa ngozi. Shingoni kisifungwe chochote, kiwe laini kiasi gani.

Inanisikitisha kwamba aibu imeyaacha mambo haya mikononi mwa filamu, zinazoonyesha hariri na pingu bila kuonyesha mkasi wa kukatia kamba hatari ikitokea. Inanisikitisha pia kwamba gunia la juti, linalooza na kurudi udongoni, limeachia nafasi mifuko ya salfeti inayoziba mitaro yetu. Mmea huu tunaujua jikoni tu, nao unastahili zaidi.

Wewe mtu mzima uliyekubaliana na mwenzako, weka mkasi wenye ncha butu karibu na mkono wako kabla ya kukunjua kamba. Afikianeni neno moja la kusimamisha kila kitu. Na aliyefungwa asiachwe peke yake hata kidogo.