UKINGO WA NYUMA YA TUNDU: NANI AANDIKE PROGRAMU?



Kila aliyeshika kazi ya chuma katika karakana za Buyenzi, hapa Bujumbura, analijua jambo hili. Ukitoboa bamba la chuma, keekee ikitokea upande wa pili huacha ukingo mkali kama wembe. Ukingo huo hukata vidole vya anayefunga boliti, na huzuia vipande viwili visikae sawasawa. Kwa hiyo fundi hugeuza bamba, hulifunga tena kwenye jiliwa, kisha huondoa ukali huo kwa mshazari, kwa keekee kubwa au kwa tupa. Ndugu zetu wa viwanda vya chai na sukari, nanyi yanawahusu, kwa maana ninyi ndio mnaofungua na kufunga vipuri hivyo.

Mashine inayoongozwa na kompyuta hufanya kazi hiyo bila kugeuza bamba. Kisu chake kina kichwa kipana na shingo nyembamba. Hushuka katikati ya tundu mpaka kichwa kitokeze chini. Husogea kando, hupanda kidogo kugusa ukingo, huzunguka duara zima. Kisha hushuka kidogo, hurudi katikati, ndipo hupanda kutoka. Mashine haijui hatua hizo yenyewe. Mtu huziandika katika programu, na hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano. Tundu lina upana wa milimita 20, kichwa cha kisu milimita 16. Kisu kikisogea kando milimita 4, ncha yake hufika milimita 2 nje ya ukingo wa tundu. Shingo ikiwa na upana wa milimita 10, hubaki nafasi ya milimita 1 kati yake na ukuta wa tundu. Shingo ikiwa ya milimita 13, itagonga ukuta. Kisu kitavunjika kikiwa katika kasi, na vipande vitaruka.

Aliyeandika programu akisahau kuieleza kompyuta unene wa shingo, picha kwenye kioo itaonyesha kwamba mambo yote ni salama. Akiamuru kisu kipande kabla ya kurudi katikati, kitanasa chini ya bamba. Na bamba lisipoinuliwa juu ya jiliwa, kisu kitagonga jiliwa lenyewe. Hayo yote fundi aliyezoea chuma huyaona upesi. Aliye mbali ofisini huenda asiyaone.

Ugomvi huu si wa leo. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa kufuata tarakimu ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Ilikuwapo pia njia nyingine: kunasa mwendo wa mkono wa fundi hodari, mashine iurudie. David F. Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kwamba wenye viwanda waliipendelea programu ya ofisini kwa sababu iliwapa mamlaka juu ya kazi, wakamwondolea fundi mamlaka hayo.

Basi, ndugu, hatuikatai kompyuta. Tunadai haya:

1. Mwendesha mashine afundishwe kuisoma programu na kuisahihisha, wala asifundishwe kubonyeza kitufe tu.

2. Kipande cha kwanza kifanywe polepole, mlango wa mashine ukiwa umefungwa, na kitufe cha kusimamisha kiwe karibu na mkono.

3. Asiadhibiwe anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Hilo limo katika Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu, hata kama haijauridhia.

Mjumbe wa wafanyakazi ayapeleke madai haya kwa mwajiri kabla mashine mpya haijawashwa, si baada ya mtu kuumia. Na asiende peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.