Takwimu na Upimaji wa Mchango wa Mshambuliaji katika Kandanda

Fainali za Kombe la Dunia zilipokamilika nchini Afrika Kusini mwaka wa 2010, wachezaji wanne walitoshana kwa mabao: Thomas Müller wa Ujerumani, David Villa wa Uhispania, Wesley Sneijder wa Uholanzi na Diego Forlán wa Uruguay. Kila mmoja alikuwa amecheka na wavu mara 5. Ili kumpata mshindi wa Kiatu cha Dhahabu, FIFA iliangalia pasi zilizozaa mabao. Müller alikuwa nazo 3, wenzake 1 kila mmoja, naye akatuzwa.

Kanuni ilifuatwa, lakini je, mchango ulipimwa? Jibu hutegemea mabao hayo yanalinganishwa na nini. Müller alicheza dakika 473 pekee, kwani kadi za manjano zilimnyima nusu fainali. Mabao na pasi zake ni michango 8, yaani mmoja kwa kila dakika 59 hivi. Villa alicheza dakika 635 akawa na michango 6, sawa na mmoja kwa takribani dakika 106. Kwa kigezo cha muda, Mjerumani hana mpinzani.

Hali hubadilika pindi kigezo kinapokuwa mabao ya timu nzima. Ujerumani ilifunga 16, na Müller alihusika katika nusu yake. Uhispania, iliyotwaa kombe lenyewe, ilifunga 8 tu katika mechi 7. Villa alihusika katika 6, yaani asilimia 75. Forlán alihusika katika 6 kati ya 11. Isitoshe, pasi huingia kwenye hesabu pale tu mwenzake anapofunga, hivyo mchezaji wa timu yenye mabao machache huadhibiwa kwa udhaifu usio wake.

Hata idadi ya mabao yenyewe hutokana na uamuzi wa binadamu. Bao la kwanza la Uholanzi dhidi ya Brazil lilihesabiwa awali kuwa Felipe Melo amejifunga, kisha FIFA ikampa Sneijder. Uamuzi wa awali ungedumu, Sneijder angebaki na 4.

Ndiyo maana wanatakwimu wa leo huanza kuhesabu kabla mpira haujaingia wavuni. Kila mkwaju hupewa thamani kati ya 0 na 1, kwa kuzingatia ni mara ngapi mikwaju ya umbali na pembe kama hiyo imezaa bao. Kipimo hiki huitwa mabao tarajiwa. Penalti huwa na thamani ya takribani robo tatu ya bao. Penalti aliyoikosa Villa dhidi ya Honduras haimo katika orodha yoyote ya wafungaji, ila kwa mizani hii inaonekana wazi. Kisichoonekana ni mbio za mshambuliaji anayemvuta beki pembeni bila kuugusa mpira, ili mwenzake apate mwanya wa kupiga.