Zaka ya mkeka yazua ubishi Kabalagala

UKIFUATA barabara ya Ggaba kutoka katikati ya Kampala, kabla ya kufika Kansanga utaipita Kabalagala, mtaa unaofahamika kwa baa, muziki na nyama choma. Jina hilo pia ni la andazi dogo la ndizi na unga wa muhogo, lakini siku ya Jumamosi vijana hawafuati maandazi pale. Wanafuata ligi ya Uingereza na nyumba za kubeti.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25. Niliowaona kwenye foleni, wengine ndevu hazijaota.

Nilikwenda huko kumwona rafiki yangu aliyerejea kutoka Uarabuni, ambaye sasa hununua maharage Kisenyi na kuyavusha Busia. Mkeka wake ulikuwa umeshinda shilingi 600,000. Alitenga 60,000 za zaka, lakini mkewe, ambaye ni mlokole, alikataa fedha hiyo isipelekwe kanisani.

"Wewe uliyekuwa mtumishi wa altare, niambie, ni dhambi?" akaniuliza. Mimi si mtakatifu, nimeshachana mikeka yangu mitatu. Nikampeleka kwa wenye elimu.

Mchungaji wa mkewe hakumung'unya maneno. Alisema faida ya kamari ni hasara ya jirani ambaye hukumpa bidhaa wala jasho. Akamtaja John Wesley, aliyefundisha mwaka 1760 kwamba Mkristo atafute mali kwa bidii, ila asimdhuru mwenzake. Akakumbusha pia askari walioipigia kura kanzu ya Yesu.

"Mbona mitume walipiga kura wakampata Mathia?" rafiki yangu akajibu.

"Nani kati yao aliweka dau?" Mchungaji akamuuliza. Hapo nilicheka, naye akaninunia.

Padri alikuwa mpole zaidi. Alieleza kuwa Katekisimu ya mwaka 1992 haiuhukumu mchezo wa bahati wenyewe. Kosa huanza pale mchezo unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wanaomtegemea, au unapomfanya mtumwa. Rafiki yangu akanitazama kwa ushindi.

"Sasa mwanangu, dau lilitoka wapi?" Padri akauliza.

Kimya. Kumbe kikundi cha akina mama wa Busia kilimkabidhi fedha za kununua maharage. Kwa wiki nne alikuwa amepoteza shilingi 850,000 kabla ya kushinda hizo 600,000. Ninyi mnaovuka Malaba na Mutukula mnajua fedha ya kikundi ni nini: ni ada ya shule na kodi ya kibanda.

Januari 2019 ilitangazwa kwamba Rais Museveni ameagiza leseni za kampuni za kigeni za kubeti zisihuishwe, kwa hoja kuwa zinahamisha fedha nje ya nchi. Nyumba za kubeti zingali wazi. Kwa maoni yangu, swali la Padri lilimbana huyu bwana kuliko agizo lolote.

Alituma shilingi 600,000 zote kwa mweka hazina kwa simu, nikishuhudia. Zilibaki 250,000. Alipopanda basi la Busia aliniomba nisimwambie mkewe. Nilimjibu kwamba amwambie mwenyewe kabla ya Jumapili.