Kura ya Kompyuta si Sauti ya Mbinguni

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mama mwenye nyumba huko Kizota, Dodoma. Kila jioni, baada ya ugali, watoto hugombana: nani achague aya ya kusoma wakati wa sala? Basi waandika aya 30 katika vikaratasi, wavitia koponi, walitikisa, na mtoto mdogo achomoa kimoja. Ugomvi umekwisha.

Siku hizi kijana wako aweza kuifanya kura hiyo kwa kompyuta. Aandika aya zote katika faili moja, kila aya mstari wake. Kisha aipa kompyuta maagizo mafupi: soma mistari yote, ihesabu, chagua namba moja kati ya 1 na 30, onyesha mstari wenye namba hiyo. Kwa lugha ya Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, maagizo machache yatosha.

Lakini angalia! Kompyuta haielewi inachokisoma. Yahesabu mistari tu. Aya iliyoandikwa mara mbili itatokea mara nyingi kuliko nyingine. Na aya ikikatwa katika mistari miwili, ni hatari. Zaburi ya 14 yaanza kwa kumtaja mpumbavu amkanaye Mungu moyoni. Ikikatwa vibaya, watoto watasoma maneno ya mpumbavu, wasijue ni ya mpumbavu! Mzazi, likague faili kwanza.

Liko jambo kubwa zaidi. Mtu apata aya katika simu asubuhi, asema: “Mungu ameniagiza niuze ng’ombe.” La, ndugu! Namba ile ni hesabu ya mashine, haimjui wewe wala ng’ombe wako. Mitume walipiga kura, ikamwangukia Matia. Lakini kwanza walitafuta watu wawili wanaofaa, kisha wakasali. Mtakatifu Augustino, yapata mwaka 400, aliandika katika barua kwamba haipendi desturi ya kutafuta bahati ya mambo ya dunia katika kurasa za Injili. Na Katekisimu, namba 2116, yakataza uaguzi wa kila namna.

Basi, kura na imalize ugomvi wa watoto. Aya ikiisha kutokea, fungueni Biblia, msome yaliyotangulia na yanayofuata. Na habari ya ng’ombe? Sali, kisha ushauriane na mwenzi wako.