Mama, tia kikwembe kimoja zaidi mu mfuko

Bandarini Kalemie tunawaona kila mara: bamama ambao mabwana wao wanachimba kule Manono, wanangoja boti ya Kigoma. Feza ya shimo imefungwa kwenye kitambaa. Wanaenda kutafuta vitu vya kuuzisha. Wengine wanaendelea hadi Zanzibar. Wenye mtaji mkubwa hadi Dubai.

Mama mmoja wa watoto wanne alitusimulia safari yake ya kwanza Ujiji. « Ilikuwa Ramadhani, mie sikujua. Nilivaa pantalo ya kubana, nikakula mukate mu njia. Nikaingia mu magazini. Ule baba hakunitukana, ila aliangalia pembeni. Wenzangu walipata mali ya mukopo, mie hata katoni moja. » Nyumbani bwana akauliza: wenzako wameleta mzigo mkubwa, wewe je?

Tuseme wazi: sheria ya Tanzania bara haimlazimishi mgeni kujifunika. Lakini Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi tangu zamani za misafara, mbele hata Stanley amkute Livingstone pale mwaka 1871. Mtu akikukopesha mali bila karatasi, anapima heshima yako kwanza.

Basi, mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane. Kitambaa cha kichwa kiwe karibu. Ramadhani, mchana, usile wala usinywe njiani. Zanzibar mjini ni hivyohivyo. Dubai kichwa si lazima. Arabia Saudi, tangu 2019, wageni hawadaiwi abaya, ila nguo ya heshima inatakiwa. Iran ni kali: sheria inataka hata mgeni afunike nywele.

Hakuna haja ya kununua baibui. Libaya refu na vikwembe viwili vinatosha. Wala hatusemi turudie zamani za Mobutu, wakati mwanamke alikatazwa pantalo. Kwako Kalemie, vaa unavyotaka. Lakini mchimbaji haingii shimoni na viatu vya ndoa. Kila kazi na nguo yake.

Kabla ya kupanda boti, uliza jirani yako Mwislamu. Hapa Kalemie hawakosekani. Nanyi mabwana, mkituma feza, msianze na lawama.

Yule mama alirudi Ujiji na kikwembe chake. « Ule baba yule-yule akaniambia: karibu dada, kaa. Njo tukaanza kuongea bei. »