Treni ya Kabatini, Treni ya Udongoni

Kila mgeni anayenikuta nimepiga magoti shambani Tengeru, brashi mkononi, nikitoa vumbi kwenye reli za upana wa milimita 45, huniuliza kwa nini kitu ghali namna hii hakikai kabatini. Namjibu kwamba hiki kilitengenezwa kitembee. Vipo vingine vilivyotengenezwa vitazamwe, na asiyejua tofauti huharibu vyote.

Treni zangu za mfano ni za aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, kwa jina la LGB. Kipimo chake ni moja kwa 22.5. Sisi wa Arusha kinatuhusu sana: reli yetu itokayo Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ina upana wa mita moja, na mita moja ukiigawa kwa 22.5 unapata milimita 44 na ushei. Reli inayopita kati ya migomba yangu ni reli yetu hiyohiyo, imepunguzwa tu.

Kipindue kichwa cha treni ya kutembea. Utaona magurudumu yenye ukingo mnene unaong'ang'ania reli hata pale ardhi ilipobonyea, na skrubu za kufungulia ili ubadilishe gia. Plastiki yake inastahimili jua. Vishikio vya pembeni vimezidi unene, na mabehewa mengi yamefupishwa makusudi yaweze kukata kona kali. Fundi aliyeyafanya hayo alijua kazi yake.

Cha mkusanyaji hakina unafuu huo. Kimeundwa kwa shaba, kwa idadi ndogo, kila bomba na kila ngazi katika unene wake sahihi. Kwangu kingeanguka kona ya kwanza. Mnunuzi wake hukagua kama magurudumu yana alama za reli, kama boksi na karatasi zake vipo, kama rangi ni ya kiwandani. Kampuni ya Aster ya Japani ilitengeneza vichwa vinavyochemsha maji kwa moto wa kweli, vya kutembea kabisa. Hata hivyo, ambacho hakijawahi kuwashwa mkusanyaji hukithamini kuliko kilichoungua rangi kidogo penye bomba la moshi.

Wala kabati si kinga ya kila kitu. Vichezeo vingi vya miaka ya 1930 vilimiminwa kwa zinki iliyochanganyika na risasi, na leo vinavimba na kupasuka vyenyewe bila kuguswa.

Huku kwetu uamuzi unakuwa mgumu zaidi. Udongo wa Meru ni wa volkano, mweusi, laini kama unga. Ukichanganyika na oili kwenye ekseli unakuwa msasa. Masika yanafukua mataruma. Umeme ukikatika katikati ya safari, treni inayotegemea umeme wa relini inasimama palepale. Kwa hiyo nilitoboa sakafu ya behewa, nikakata nyaya za kiwandani, nikaweka betri na kipokezi cha rimoti. Sasa inatembea hata kukiwa na giza mtaa mzima. Mkusanyaji akiyaona matundu yale atasikitika, na kwa upande wake ana haki: thamani imekwisha. Mimi nilikuwa nimeamua kabla ya kushika drili, na hapo ndipo pa kuamulia.

Ila uadimu wenyewe anaouthamini mkusanyaji hutokana na kazi. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya mvuke aina ya Garratt kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja kikipewa jina la mlima. Mount Meru kilikuwamo. Vilivuta mizigo hadi vikachoka, vikakatwa vyuma chakavu. Vimebaki viwili, Mount Gelai na Mount Shengena, kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, vyote vikiwa na majina ya milima ya kaskazini mwa Tanzania. Kama vyote 34 vingefungiwa bandani tangu siku ya kwanza, nani leo angefunga safari kwenda kuviona?

Mount Meru kwa kipimo changu kingekuwa na urefu wa karibu mita 1.4. Garratt ina viungo viwili, hujikunja yenyewe kwenye kona. Nikikipata, kinashuka udongoni.