Nguva, Mnyama wa Baharini Alaye Majani

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa huenda akastaajabu kusikia kwamba hata baharini yuko mnyama alaye majani. Jina lake ni nguva. Yeye si samaki: huja juu kuvuta pumzi na humnyonyesha mtoto wake. Chuchu zake ziko kwapani, na jamaa yake wa karibu katika nchi kavu ni tembo.

Nguva mkubwa hufikia urefu wa meta 3. Kwa siku moja aweza kula kilo 40 za nyasi za bahari, na aweza kuishi miaka 70.

Lakini uzazi wake ni wa polepole. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, naye akitunzwa vema huzaa kila mwaka. Nguva hubeba mimba miezi 13 au zaidi, huzaa mtoto mmoja, kisha yapita miaka 3 hata 7 kabla hajazaa tena. Akinaswa wavuni hawezi kupanda kuvuta pumzi, hufa maji. Kundi ambalo vifo vyake vyazidi ndama, kila mfugaji ajua mwisho wake. Katika Kenya wamebaki wachache sana, hasa upande wa Lamu na Kiunga.

Jambo hili latuhusu sisi wa bara pia. Udongo wa mashamba yetu huchukuliwa na mvua hadi mto Athi, uitwao Sabaki ufikapo karibu na Malindi. Tope likizidi hufunika nyasi za bahari, nazo hufa kwa kukosa mwanga. Basi, mkulima akataye matuta huokoa shamba lake, na malisho ya nguva pia.